Mfupa ulio chini ya jicho: niliyopitia kutoka Mafinga hadi Dar

Watu wakisikia kwamba nilivunjika mfupa wa jicho kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill, moja kwa moja wanafikiria msumeno. Haikuwa msumeno. Tulikuwa tunabingirisha gogo la paini kulipandisha kwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishwa msituni, kila mtu na mti wake wa kusukumia. Ilikuwa asubuhi ya Juni na magome yalikuwa yameloa umande. Gogo likateleza, likarudi, na mti niliokuwa nimeukamia ukafyatuka ukanipiga chini ya jicho la kushoto. Sikuanguka. Niliona weupe tu, kisha damu ikaanza kuchuruzika kwenye tundu moja la pua.

Tangu siku hiyo nimekutana na wapasua mbao, waendesha bodaboda na vijana wa mpira waliopigwa jicho wakaambiwa ni uvimbe tu, utashuka. Uvimbe ukashuka kweli, na jicho likabaki na kasoro ambayo ingerekebishika kama ingejulikana mapema. Ninachotaka mwenzangu ajue ni hiki: uvimbe na weusi ndivyo vinavyotisha, lakini vinavyoeleza ukubwa wa jeraha ni vingine. Angalia kama jicho linaona, kama linageuka pande zote, na kama ngozi iliyo chini yake bado inahisi.

Mzee aliyekuwa anatusimamia aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza kiwandani, na alifanya jambo moja ambalo namshukuru hadi leo. Alinikalisha kwenye rundo la mabanzi, akaninyanyua kope taratibu bila kugandamiza jicho, akasema, "Funika hilo zima. Hapa vidole vingapi?"

"Vitatu, mzee."

"Na sasa?"

"Viwili."

"Haya, linaona. Ukiulizwa hospitali, useme saa hii lilikuwa linaona."

Baada ya muda mfupi kope zilivimba zikafunga kabisa. Kuanzia hapo hakuna ambaye angeweza kujua hali ya jicho lenyewe bila vifaa. Daktari wa macho aliponihoji baadaye, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo: lilikuwa linaona baada ya kupigwa? Kwa hiyo mtu akipigwa mbele yako, mpime uoni kabla kope hazijafunga, jicho moja moja. Lakini ukiona jicho lenyewe limepasuka, au ile duara nyeusi ya katikati imevutika upande, au kuna majimaji yanatoka, usinyanyue kope wala usioshe. Funika kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, na safari ianze.

Wenzangu walikuwa wameshaweka maji jikoni ili wanikande kwa maji ya moto na chumvi. Ndivyo tunavyofanya kwa kila uvimbe, na hufanywa kwa upendo. Mzee alikataa. Siku za kwanza joto huongeza damu na uvimbe, na mkono wa mkandaji unaweza kusukuma mfupa uliovunjika au kuliumiza jicho ambalo limeshaumia. Kinachotakiwa ni baridi, kitambaa kikiwekwa tu juu bila kugandamiza, dakika chache halafu unaondoa. Maji ya Mafinga mwezi Juni hayahitaji jokofu.

Jioni ndipo kilipotokea kilichoniogopesha kuliko pigo lenyewe. Pua ilikuwa imeziba, damu iliyoganda pamoja na mafua ya baridi yetu hii. Nikapenga kamasi. Papo hapo upande wa kushoto wa uso ukajaa hewa, kope zikatuna kama puto, na nilipogusa nikasikia mchakacho mdogo mdogo chini ya ngozi, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba chini ya jicho kuna uwazi wa hewa unaopakana na pua, unaoitwa sinasi. Mfupa unaotenganisha jicho na uwazi huo ukivunjika, kila unapopenga unasukuma hewa, na vijidudu vya kwenye pua, kwenda kuzunguka jicho. Ule mchakacho chini ya ngozi ni dalili inayoonyesha karibu waziwazi kwamba mfupa umepasuka. Usipenge. Futa kinachotoka. Chafya ikija, achama mdomo itokee huko. Nilielezwa masharti hayo yashikwe kwa wiki kadhaa. Na kwa watu wa Mufindi, Njombe na Makete, ambako mafua ni ya msimu mzima, sharti hili ni gumu kuliko linavyosikika.

Kesho yake nilikwenda hospitali ya karibu. Nakushauri upite polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mapema, au ndugu aifuate wakati wewe unahudumiwa, kwa sababu kwa majeraha ya ajali au ya kupigwa utaulizwa tu, na itakufaa tena kwenye madai ya fidia. Nilichomwa sindano ya pepopunda, nikapigwa picha ya eksirei. Jibu likawa mifupa ni mizima. Nikapewa vidonge vya maumivu na dawa ya kupaka kwenye jicho, nikaambiwa nirudi kama kuna shida.

Simlaumu mtu. Mifupa ya sehemu ile ni myembamba mno, na eksirei ya kawaida huweza kuikosa. Lakini kuna mambo mawili ambayo mimi sikuyasema na wala sikuulizwa. La kwanza, nilikuwa sihisi shavu, ubavu wa pua, nusu ya mdomo wa juu na meno ya juu ya upande huo. Nilidhani ni uvimbe. Niligundua uzito wake nilipokunywa chai: iliniunguza mdomo, nami nikaja kujua kwa kuona lengelenge kwenye kioo. Kuna neva inayopita ndani ya sakafu ya tundu la jicho, yaani mfupa wa chini unaolibeba jicho, na kutokeza shavuni, ndiyo inayobeba hisia za eneo lote hilo. Sakafu ikivunjika, neva hiyo huchubuka au kubanwa. Ganzi ya shavu na mdomo wa juu baada ya kupigwa jicho itajwe kwa daktari hata kama hajauliza.

La pili lilikuja kope zilipoanza kufunguka. Nikitazama mbele, sawa. Nikiinua macho kutazama kilele cha mti, naona vilele viwili, kimoja juu ya kingine. Nikifunika jicho lolote, kinabaki kimoja. Namna hiyo ya kujipima ina maana yake: kama uwili unaondoka ukifunika jicho moja, tatizo ni macho hayatazami pamoja, kama jicho moja peke yake bado linaona viwili, tatizo huenda liko ndani ya jicho lenyewe. Kwa mpasua mbao, kuona viwili ni hatari ya vidole na ya maisha. Niliacha kazi siku hiyo, na pikipiki sikuigusa.

Dada yangu mkubwa anaishi Uyole, Mbeya. Nilipomsimulia kwenye simu hakunipa nafasi ya kujadili. "Mdogo wangu, panda gari leo. Huko unasubiri nini?" Nikapita Makambako, Igawa, Chimala, huku nimefunga jicho kwa kitambaa ili vibao vya barabarani viache kupandana.

Uchunguzi niliofanyiwa Mbeya nauandika wote, ili nawe ujue unachostahili kufanyiwa. Daktari wa macho alianza na ubao wa herufi, jicho moja moja. Akamulika tochi kuona kama mboni zinabana sawa. Akaniuliza kama rangi nyekundu inaonekana sawa kwa macho yote mawili, kwa sababu neva ya kuonea ikiumia wekundu hufifia. Akaniambia nifuate kidole chake bila kugeuza kichwa: kushoto, kulia, chini, juu. Juu, jicho la kushoto lilikwama katikati ya safari, na maumivu yakanivuta ndani. Akapitisha pamba kwenye mashavu yote mawili nikiwa nimefumba macho. Akapapasa ukingo wa mfupa kutafuta ngazi, yaani mahali mfupa ulipoachana. Mwisho akasimama nyuma yangu, akanitazama kutokea juu ya paji, kupima jicho lipi limetangulia mbele na lipi limerudi nyuma. Hayo yote hayana mashine. Kisha akaniandikia kipimo cha CT, picha za eksirei za kompyuta zinazoonyesha mifupa kipande kwa kipande chembamba.

Kwenye kompyuta alinionyesha. Tundu la jicho limejengwa kwa mifupa saba. Ukingo wake wa mbele ni mgumu, lakini sakafu na ukuta wa upande wa pua ni myembamba, ukuta ule zaidi kuliko sakafu. Ukipigwa na kitu kikubwa kuliko mlango wa tundu, kama ngumi, mpira au mti wangu ule, nguvu hulisukuma jicho nyuma na kuutikisa ukingo, na palipo pembamba ndipo panapoachia. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Smith na Regan, waliweka mpira mgumu juu ya jicho la maiti na kuupiga kwa nyundo, sakafu ikavunjika. Kwangu, mafuta yanayozunguka jicho yalikuwa yamedondokea kwenye sinasi na kuning'inia pale mfano wa tone, na msuli wa kushushia jicho umenaswa pembeni ya mpasuko. Ndiyo maana halikuweza kupanda juu: lilikuwa limeshikwa kutoka chini.

Pale pale Mbeya nilikutana na mama mmoja kutoka upande wa Rungwe, akiwa na mtoto wa kiume wa shule ya msingi. Nimeomba ruhusa yake kueleza, naye akasema eleza, wazazi wasikie. Mtoto alipigwa goti la mwenzake kwenye mpira. Jicho halikuvimba, halikuwa jekundu, halikuwa na doa. "Ona mwenyewe, baba, jicho zima," aliniambia. Ila mtoto alikuwa anatapika, ameishiwa nguvu, anataka kulala tu. Walipima malaria, hakuna. Wakahofia ubongo, akaambiwa apumzike na aangaliwe. Hakuna aliyefikiria jicho, maana lilikuwa jeupe.

Daktari alipomwambia mtoto atazame juu, jicho moja lilipanda na jingine likabaki. Mtoto akapauka, akatapika, na mapigo ya moyo yakashuka. Akaingizwa chumba cha upasuaji haraka sana, kabla yetu sote tuliokuwa na macho meusi ya kutisha.

Sababu niliielezwa hivi. Mfupa wa mtoto bado una unyumbufu. Unapasuka, unafunguka, halafu unarudi mahali pake na kuubana msuli katikati, mithili ya mtego unaofyatuka. Msuli uliobanwa hukosa damu na huanza kufa. Kuvutwa kwake hupeleka ishara inayopunguza mapigo ya moyo na kuleta kichefuchefu, ndiyo maana huonekana kama homa au jeraha la kichwa. Kwa mtu mzima kama mimi madaktari wanaweza kusubiri siku kadhaa. Kwa mtoto wa namna hiyo, msuli unatakiwa uachiliwe ndani ya siku moja au mbili. Yule mtoto alichelewa kidogo, na mama ameniambia jicho limerudi polepole, bado halijafika juu kabisa. Mzazi, mwalimu, kocha: mtoto akipigwa jicho kisha akatapika, mshike kichwa kitulie, mwambie afuate kidole chako kwenda juu. Likikataa kupanda, au akikwepa kutazama juu, usiridhike na weupe wa jicho.

Nisirefushe kuhusu siku za kusubiri. Nililala kichwa kimeinuliwa kwa mito, nikaambiwa nisitumie asprini, nisivute sigara, nisinyanyue vizito. Onyo moja daktari alilirudia kwangu na kwa dada: maumivu yakizidi ghafla, jicho likatokeza mbele, kope zikawa ngumu ukigusa, na mwanga ukaanza kufifia, msingoje kupambazuke. Hiyo ni damu inayojaa nyuma ya jicho na kuikaba neva ya kuonea, na baada ya saa moja na nusu au mbili za kukabwa hivyo uoni unaweza kupotea moja kwa moja. Dada alikuwa ananiamsha usiku na tochi ya simu kuniuliza kama naiona.

Uvimbe uliposhuka, kila aliyenitembelea alisema, "Hongera, umepona." Uso ulikuwa mzuri kweli. Lakini dada alitazama picha yangu ya zamani, akanitazama mimi, akasema jicho limezama. Ilikuwa kweli. Uvimbe ulikuwa umelishikilia jicho mbele, na ulipoondoka likarudi kukaa kwenye tundu lililopanuka. Inatosha milimita mbili hivi kwa mtu kuona tofauti. Kati ya vitu vyote nilivyohisi safari hii, hicho kiliniuma zaidi, maana nilikuwa nimeanza kufurahi.

Kwa kuwa jicho lilikuwa limezama, uwili haukuondoka, na kipande cha sakafu kilichovunjika kilikuwa kikubwa, ikaamuliwa nifanyiwe upasuaji ndani ya wiki mbili hivi tangu ajali, kabla makovu hayajashika. Si kila aliyevunjika hupasuliwa. Wengi wenye ufa mdogo, wasioona viwili na ambao jicho lao halijazama, hupona kwa kuangaliwa tu. Mimi nilipewa rufaa ya Dar. Shemeji alitaka kunikatia ndege pale Songwe nisiteseke na basi. Daktari alikataa: hewa iliyoingia kuzunguka jicho hutanuka ndege ikipanda. Nikashuka mlima Kitonga kwa basi, kichwa kimeegemea mto.

Gharama niseme wazi, kwa sababu ndizo zinazowafanya wengi wabaki nyumbani. Kadi yangu ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilinisaidia wilayani, lakini kwenye hospitali ya kanda haikuwa na kazi. CT ilipita laki mbili. Upasuaji pamoja na kipande cha wavu wa titaniamu kinachowekwa badala ya sakafu vilivuka milioni, na titaniamu ndiyo ilikuwa ghali. Hapo bado nauli, chakula cha ndugu aliyenisindikiza, na miezi bila mshahara. Niliuza ekari moja ya paini changa, kwa bei ambayo mwenye miti yoyote Mufindi ataielewa bila kuitaja. Kabla hujauza, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo kwa ajili hiyo, na mimi nilielekezwa huko nikiwa nimeshauza.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kueleza, nililazwa usingizi. Walipitia ndani ya kope ya chini, kwa hiyo nje hakuna kovu. Nilipozinduka, usiku kucha muuguzi alikuwa anakuja kuniuliza vidole vingapi, kama mzee wetu msituni, kwa sababu damu inaweza kujikusanya nyuma ya jicho hata baada ya upasuaji. Asubuhi nikatazama nje nikaona bado viwili. Nililia. Daktari akaniambia kwa utulivu kwamba msuli uliochubuka na kunaswa una muda wake wa kupona, unahitaji wiki, pengine miezi, na akanipa zoezi la kufuata kidole juu na chini kila siku. Ningependa ningeambiwa hilo kabla ya kulala. Ukienda upasuaji wa aina hii, jua kwamba jicho huinuliwa siku moja, lakini kuona kimoja huja kwa awamu.

Sasa naona kimoja mbele, chini na pembeni. Nikiinua macho mpaka mwisho bado uwili upo, kwa hiyo nageuza kichwa badala ya macho. Ganzi imerudi nyuma ikabaki kipande kidogo cha mdomo na jino moja au mawili, kukiwa na vijisindano vya hapa na pale, ambavyo naambiwa ni neva inaamka. Msituni nimerudi, upande wa kupanga mbao. Mwajiri wetu alinichangia kutoka mfukoni mwake, lakini hakuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na hapo ndipo njia yangu ya fidia ilipokwama. Wewe unayeanza kazi ya mbao, uliza swali hilo kabla hujashika gogo, na ajali ikitokea hakikisha imeandikwa siku ile ile, pamoja na PF3.

Na picha za CT, omba upewe kwenye CD na uzibebe mwenyewe kwenye bahasha, usitegemee karatasi ya majibu peke yake. Ile niliyotoka nayo Mbeya ndiyo daktari wa Dar aliyoitumia kupima wavu, na sikulipia picha ya pili.